Tiba kwa simu na kuta nyembamba za Eastlands

Mnamo Mei 2020 nilimzika mama yangu kwa simu. Nakitumia kitenzi hicho kwa makusudi, ingawa huenda mhariri akakitilia shaka. Wakati huo, kutokana na ugonjwa wa Korona, serikali ilikuwa imepiga marufuku watu kuingia Nairobi na kutoka kuanzia tarehe 6 Aprili, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Julai. Kibali changu cha kwenda Makueni kilifika siku moja baada ya kaburi kufukiwa. Binamu yangu alisimama kando ya shimo akiwa ameinua simu yake juu, nami nilikuwa Umoja, katika chumba cha kulala, nikiitazama picha ikikwama na kukwamuka hadi ilipogoma kabisa, mhubiri akiwa ameinua mkono. Udongo sikuuona ukitupwa.

Miezi minane baadaye nilikuwa mtu asiyelala. Mihadhara niliitoa, tena kwa mtandao kama tulivyolazimika sote, lakini nilikuwa nikisimama katikati ya sentensi nisijue ilikuwa ikielekea wapi. Na kwa mtu ambaye kazi yake ni kuchanganua sentensi, hiyo ni aibu ya kipekee. Mwenzangu mmoja katika idara alinivuta kando, kwa kadiri ambavyo mtu anaweza kumvuta mwenziwe kando kwa simu, akanipa nambari ya mshauri nasaha mmoja. "Yuko Kisumu," akasema, "lakini huonana na watu kwa video." Nilicheka, na haikuwa kicheko cha furaha. Kioo kile kile kilichoninyima mazishi ndicho sasa kingenitibu?

Tangu nilipoligusia jambo hili darasani, pasipo kukusudia, nilipokuwa nikifundisha juu ya kupokezana zamu katika mazungumzo, wanafunzi wamekuwa wakibisha mlango wangu. Walimu wenzangu wa shule za upili nao huniuliza tukikutana kwenye semina. Je, huko ndani ya simu kuna nini hasa? Mtu huombewa? Hupewa dawa? Au ni porojo za kulipia? Kwa kuwa wengi wao wanatoka katika mitaa hii yetu ya Eastlands, nimeona niwajibu hapa wote kwa pamoja, nikisema yale niliyoyapitia na yale ambayo taaluma yangu inaniruhusu kuyasema.

Kwanza, wasiwasi kwamba tiba ya mazungumzo haiwezekani bila watu kutazamana una jibu la zamani kuliko simu zetu. Jina lenyewe la tiba hii halikubuniwa na daktari. Lilibuniwa na mgonjwa, binti wa Vienna anayejulikana vitabuni kama Anna O., ambaye jina lake halisi lilikuwa Bertha Pappenheim. Daktari wake, Josef Breuer, alimtibu kati ya 1880 na 1882, na kisa chake kikachapishwa mwaka 1895 katika kitabu ambacho Breuer alikiandika pamoja na Sigmund Freud. Kinachonivutia mimi ni kwamba katika ugonjwa wake binti huyo alipotewa na Kijerumani, lugha yake ya kwanza, akawa kwa muda hawezi kusema ila Kiingereza. Na ni kwa Kiingereza hicho cha kuazima ndipo alipoyaita matibabu yake "tiba ya kuzungumza". Naomba msomaji aliweke akilini jambo hili la lugha, maana nitalirudia. Freud naye, alipoiendeleza tiba hiyo, aliketi nyuma ya kichwa cha mgonjwa asionekane, na alikiri kwamba hakustahimili kukodolewa macho kwa saa nane kila siku. Kisha mwaka 1953 kasisi wa Kianglikana mjini London, Chad Varah, alitenga simu ya kanisa lake kwa ajili ya watu waliokuwa wakifikiria kujiua. Shirika la Befrienders Kenya, ambalo husikiliza watu kwa simu bila malipo, ni la ukoo huo.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni historia tu, wao wanataka vipimo. Vipo. Mwaka 2012 jarida la JAMA lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Chicago kwa wagonjwa 325 wa sonona, nusu wakitibiwa kwa simu na nusu ana kwa ana. Mwishoni mwa matibabu nafuu ilikuwa sawa pande zote mbili. Walioiacha tiba njiani walikuwa asilimia 33 miongoni mwa waliosafiri kwenda kliniki, lakini ni asilimia 21 tu kwa waliohudumiwa kwa simu. Hata hivyo, haki lazima isemwe: walipopimwa tena miezi sita baadaye, waliokutana na mtaalamu uso kwa uso walikuwa wamedumu na nafuu kwa kiasi kidogo zaidi. Basi simu si uganga wala si ulaghai. Ni chombo, na hufanya kazi.

Sasa tuje kwenye kikao chenyewe. Kikao cha kwanza hakina mambo ya kustaajabisha. Mshauri alijitambulisha, akaniambia amesajiliwa na bodi iliyoundwa chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na akanipa nambari yake ya usajili kabla sijaiomba. (Asiyekuwa tayari kukupa nambari hiyo, msomaji, mwage kwaheri.) Aliniuliza niko mahali gani kwa wakati huo, jengo gani, na jina la mtu wa karibu ambaye angeweza kumpigia endapo angeona maisha yangu yamo hatarini. Nilishtuka kidogo, nikidhani ananipeleleza. Baadaye nikafahamu kwamba mtu aliye Kisumu hawezi kumfikia mtu aliye Umoja ila kwa kumjua wa kumtuma. Akanieleza kuwa nitakayoyasema ni siri, na kwamba siri hiyo ina mipaka, yaani hatari ya kifo au ya mtoto kudhulumiwa. Tukakubaliana nani atampigia mwenziwe laini ikikatika, maana laini itakatika. Tukakubaliana pia kwamba hakuna atakayerekodi. Kikao kilikuwa cha dakika 50, mara moja kwa wiki. Dawa hakunipa, kwa kuwa mshauri nasaha hana mamlaka ya kutoa dawa. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili. Ushauri wa bure bure wa aina ya "jikaze, wewe ni mwanamume" hakunipa pia, na nilikuwa nimeusubiri.

Malipo yalikwenda kwa M-Pesa, na hapa nina tahadhari ndogo ya kiutendaji. Ujumbe wa M-Pesa hubeba jina la anayelipwa, na katika nyumba ambamo simu moja hupita mikononi mwa watu wanne, ujumbe huo huzua maswali. Mwanafunzi wangu mmoja aliulizwa na babake ni mwanamke gani huyo anayetumiwa pesa kila Jumamosi.

Lakini yote hayo ni mepesi. Kizito ni ukuta.

Waliobuni tiba ya simu walimwazia mtu mwenye chumba chake. Waliwaza kwamba mtu huyo ataingia, atafunga mlango, ataketi. Hebu tuwapeleke hao mitaani kwetu. Nyumba za Kaloleni, ambako nilikulia, zilijengwa katika miaka ya 1940, na mitaa kama Jericho na Maringo ikafuata; zilikusudiwa familia changa za wafanyakazi wa mjini, na leo katika vyumba vilevile huishi bibi, mama na wajukuu. Kayole na Dandora wengi wanaishi katika vyumba vya ploti, mlango kwa mlango, na kinachowatenga ni tofali moja. Hapa Umoja ghorofa zimesongamana hivi kwamba jirani anaweza kunipa chumvi kupitia dirishani bila kunyosha mkono sana. Mimi huyajua matokeo ya mitihani ya watoto wa jirani kabla baba yao hajayajua. Seuze wao wanajua nini kunihusu?

Kikao changu cha kwanza nilikifanyia chumbani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye rundo la vitabu. Mke wangu, kwa wema wake, aliwaambia watoto wanyamaze. Hilo ndilo lililoniharibia. Nyumba yenye kelele humficha mtu. Nyumba iliyonyamaza humwanika. Sebuleni alikuwako mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka mashambani kutibiwa macho, na nilijua kwamba kimya kile kilikuwa cha masikio yaliyotegwa, si kwa ubaya, bali kwa kuwa masikio hayana kope. Nikajikuta nazungumza Kiingereza. Nilisema kwa Kiingereza fasaha kabisa, chenye vishazi tegemezi vilivyopangika, jinsi kifo cha mzazi kinavyoweza kuathiri utendakazi wa mtu. Mshauri alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili, kama hiyo ilikuwa makala niliyoiandika mahali fulani.

Nilikuja kuelewa baadaye kilichokuwa kimetokea. Mama mkwe wangu hafahamu Kiingereza. Kwa kukosa ukuta wa matofali nilijijengea ukuta wa lugha, ila bahati mbaya nilijifungia upande usiokuwa na huzuni yangu. Mama yangu hakupata kusema nami Kiingereza hata siku moja. Katika lugha hiyo hakuwa amekufa, kwa sababu hakuwa ameishi.

Nami nadai kwamba kisa hiki si changu peke yangu. Wako wanaisimu wanaoshikilia kuwa Sheng ilizaliwa katika nyumba hizi hizi za Eastlands, pale watoto waliokosa chumba cha kusemea walipojitungia lugha ya kusema mbele ya wazazi pasipo kueleweka. Zipo nadharia nyingine kuhusu asili ya Sheng, na sitaki kuamua ugomvi huo hapa. Lakini hata anayeikataa nadharia hiyo kama historia hawezi kuikataa kama maelezo ya yanayotendeka kila jioni. Kwa asiye na chumba, lugha ndiyo chumba. Kijana wa Huruma anayempigia mshauri akiwa kitandani na ndugu zake watatu atachagua lugha, au mtindo wa lugha, kwa kumfikiria anayemsikia pembeni na si kwa kuyafikiria maumivu yake. Mshauri asiyejua hivyo atadhani kijana anafanya mzaha.

Ndipo linapokuja suala la maneno yenyewe. Kamusi zetu zina "sonona", na ni neno zuri, lakini sijapata kumsikia mtu kwenye kituo cha matatu cha Mutindwa akisema ana sonona. Husema "nimechoka". Husema "niko na mawazo", "kichwa kimejaa", "roho imekuwa nzito". Nchini Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alipoanzisha mwaka 2006 mpango wa mabenchi katika mtaa wa Mbare mjini Harare, ambako akina bibi waliofunzwa huketi na kuwasikiliza wenye dhiki, hawakuanza kwa kumuuliza mtu kama ana ugonjwa fulani wa vitabuni. Walilichukua neno la Kishona ambalo watu walikuwa nalo tayari, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Neno letu "mawazo", katika wingi wake, hufanya kazi iyo hiyo: mwenye wazo ana akili, mwenye mawazo ana mzigo.

Sasa mchukue mtu anayesema "nimechoka" kwa simu. Mbele ya macho ya mshauri, neno hilo lingekuja na mabega, na mikono, na jinsi mtu alivyoketi. Kwenye simu linakuja peke yake. Anayetoka viwandani baada ya zamu ya usiku husema "nimechoka", na anayetaka kufa husema "nimechoka" vilevile. Kwa hiyo tarajia kuulizwa maswali ambayo ana kwa ana yangeonekana ya kijinga. "Umechoka na nini?" "Umechoka hadi kiasi gani?" "Je, umechoka kuishi?" Usikasirike. Anauliza kwa kuwa haoni. Tarajia pia kwamba hataridhika na salamu zako. Adabu yetu inamtaka mtu ajibu "njema" hata nyumba ikiwaka moto, kisha baada ya njema ndipo moto utajwe. Mshauri wangu aliusubiri moto huo kwa subira. "Njema," nilikuwa nikimjibu. Naye husema "ehe," akakaa kimya.

Kimya hicho kina somo lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukilinganisha lugha kumi za pembe mbalimbali za dunia ulionyesha kwamba mwanya wa kawaida kati ya anayemaliza kusema na anayepokea zamu ni mfupi mno, takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Simu ya video, mtandao ukiwa mzito, hucheleweshwa zaidi ya hapo. Ndipo watu wawili huanza kusema kwa pamoja, kisha hunyamaza kwa pamoja, kisha kila mmoja humwambia mwenziwe "endelea, endelea". Katika mkutano wa wazazi hilo ni kero tu. Katika kikao cha tiba ni jeraha, kwa kuwa mtu aliyefika kwenye ukingo wa kulia hushtuliwa na "Haloo? Haloo? Unanisikia?" akarudi nyuma, na huenda asifike pale tena kwa wiki tatu. Tuliafikiana na mshauri wangu kwamba ninaponyamaza yeye atakuwa akitoa mguno mdogo mara kwa mara, ili nijue kwamba laini haijakatika na yupo. Sisi wanaisimu tumeandika kurasa nyingi juu ya miguno hiyo ya msikilizaji. Sikujua kwamba ningeitegemea kama mtu anavyotegemea ukuta gizani.

Kikao cha pili nilimwomba tuache video, nikamweleza sababu: picha ikikwama, mimi hurudi kaburini. Alikubali mara moja. Kumbe ni haki ya mteja kuchagua, na wako wengi wanaochagua sauti tupu, wengine kwa ajili ya gharama ya data, wengine kwa kuona haya ya chumba wanamokaa. Sauti tupu ina upungufu wake. Kwa miongo mingi simu zilipitisha mawimbi kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na ndiyo maana mtu husumbuka kutofautisha s na f kwenye simu, hata anayesema "amesumbuliwa" na anayesema "amefumbuliwa" wakasikika kama mtu mmoja. Ajabu ni kwamba sauti ya msingi ya mwanamume, iliyo karibu na hezi 100, hukatwa kabisa na simu ya aina hiyo, lakini sikio la msikilizaji huijenga upya kutokana na mawimbi yaliyo juu yake. Kinachopotea ni konsonanti. Kupanda na kushuka kwa sauti, kutetemeka, pumzi inayovutwa kabla ya neno gumu, hayo yote hupita salama.

Nilihamia juu ya paa. Ghorofa letu lina paa tambarare lenye kamba za kuanikia nguo, na baada ya magharibi hapana watu. Kila Jumanne saa moja usiku nilipanda na stuli yangu na visikizi vya masikioni. Matatu za barabara ya chini na mahubiri ya kipaza sauti cha kanisa la jirani vilinifunika vizuri kuliko mlango wowote wa mbao. Tulikuwa na neno letu la siri pia. Akitokea mtu, mimi ningeuliza juu ya bei ya mahindi, naye angeanza kunijibu kama mfanyabiashara wa Kibuye hadi mtu huyo apite. Tuliuza magunia mengi.

Ilikuwa katika kikao cha tatu aliponiuliza mama alikuwa akiniitaje. Hadi siku hiyo alikuwa akiniita "Daktari", kwa heshima, na mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya cheo hicho kwa raha zangu. Nikamtajia jina la utotoni, kwa Kikamba. Akaniomba nilirudie. Kisha akasema: "Yale ambayo ungeyasema pale kaburini, yaseme sasa, katika lugha hiyo." Nikamwambia yeye hajui Kikamba, mtu wa Kisumu atakifahamu wapi. Akajibu, "Sihitaji kuelewa maneno. Wewe sema, mimi nitasikiliza sauti." Nilisema kwa muda wa dakika kumi hivi, pengine zaidi, kwa lugha ambayo msikilizaji wangu hakuifahamu hata neno moja, naye akiguna kila nilipovuta pumzi. Kikamba ni lugha ya toni, na toni, kama nilivyokwisha kusema, simu haiikati.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba nilishuka pale paani nimepona. Vikao vilikuwa 14 kwa jumla, na viwili kati yake havikunifaa kitu, mvua ilipokuwa ikinyesha nami nimejikunyata chini ya tangi la maji. Usingizi ulirudi kidogo kidogo karibu na mwezi wa Aprili.

Kuna mambo ambayo simu haiyawezi, na mshauri mwaminifu atakuambia hivyo mwenyewe. Anayesikia sauti zisizokuwapo, au aliyekwisha kuchagua siku na njia ya kujiua, apelekwe hospitali, si apewe nambari. Iwe ni Mama Lucy Kibaki iliyo karibu nasi, au Mathari, iliyoko kwenye barabara ya Thika tangu 1910 na ambayo watu bado huitaja kwa kunong'ona. Anayeishi nyumba moja na anayempiga naye hana usalama wa kusema kwa simu nyumbani humo. Kwa saa za dharura ipo nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199, ya watoto, 116, na ya dhuluma za kijinsia, 1195. Fauka ya hayo, wanafunzi wengi huogopa kusema kwamba wamewahi kujaribu kujiua, wakidhani mshauri atawapeleka polisi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwa kikimfunga mtu hadi miaka miwili kwa kosa hilo. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sema.

Kwa walimu nina ombi moja mahususi. Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na akija likizo anakuta zile kuta nilizozieleza. Yaani ana faragha pasipo simu, kisha ana simu pasipo faragha. Ofisi ya mwalimu wa ushauri nasaha, katika shule nyingi nilizozitembelea, ni meza iliyo pembeni mwa chumba cha walimu wote. Shule ikitenga chumba kimoja, hata kama ni stoo ya majembe, chenye mlango unaofungika, kiti, na simu moja ya shule kwa saa moja ya jioni, itakuwa imewapa watoto hao kitu ambacho wazazi wengi wa Eastlands hawawezi kuwapa kwa fedha yoyote.

Na kwa nini tuishie shuleni? Sisi tuliokulia mitaa hii katika miaka ya 1990 tunakumbuka vibanda vya simu vya Shirika la Posta na Simu, foleni ndefu, na sarafu zikidondoka. Vingi vilikuwa vimeng'olewa milango na vioo, lakini wazo lake lilikuwa sahihi, kwamba anayepiga simu anahitaji kijumba cha kujisitiri. Tulipopata simu za mfukoni tuliona vijumba hivyo ni takataka. Maktaba za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa katika miaka ya karibuni na zina watu wanaozipenda. Kumbi za mitaa zipo, ule wa Kaloleni ukiwa ndimo wanasiasa wa enzi za kupigania uhuru walimohutubia umma kwa sauti kubwa. Chumba kimoja kidogo katika kila jengo la namna hiyo, kwa wale wanaotaka kusema kwa sauti ndogo, si mradi wa kuhitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Unahitaji diwani mmoja na fundi wa milango.

Juu ya paa letu, kulikuwa na mama mmoja wa ghorofa ya nne ambaye jioni moja alipanda kuanua nguo akanikuta katikati ya kilio. Sikuwahi kuuliza bei ya mahindi. Aliondoa nguo zake haraka haraka, akasema "pole, mwalimu," akashuka. Nilingoja habari zienee katika jengo zima, lakini hazikuenea. Na tangu siku hiyo nguo za Jumanne zilikuwa zikianuliwa mapema, na za majirani wengine pia. Mwaka uliofuata, siku ya Alhamisi, mimi mwenyewe nilipanda kutafuta shati langu. Nilimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu sikioni, mgongo ameugeuzia mlango. Shati nililichukua asubuhi.